Bendi, Kambi na Jina la Muziki: Kazi za Maurice Kirya Zikisikilizwa kutoka Mbuya

Ikisiri

Makala hii inachunguza kazi za Maurice Kirya, mwimbaji wa R&B na kiongozi wa bendi wa Uganda, kuanzia albamu ya Misubbaawa (2009). Swali lake ni moja: kwa nini mwooyo, jina alilolipa muziki wake, halikuwa jina la muziki wa wengine? Jibu linatafutwa katika matumizi yake ya lugha na katika namna alivyoiongoza bendi. Usikilizaji unafanywa kutoka Mbuya, kilima cha Kampala ambacho kwa wengi ni kilima cha jeshi na cha Kiswahili, kwa sababu historia ya bendi nchini Uganda na historia ya Kiswahili nchini humo zilipita katika mlango mmoja wa kambi.

Utangulizi

Kampala ni mji wa vilima, na vipo vilima ambavyo watu huvihusisha na lugha. Mengo, penye Bulange na kasri la Kabaka, ni Kiganda. Makerere ni Kiingereza cha mihadhara. Mbuya, upande wa mashariki katika Tarafa ya Nakawa, ni Kiswahili. Si kwamba kila mkazi wa Mbuya anasema Kiswahili. Juu ya kilima kuna nyumba za wenye nafasi ambamo Kiingereza na Kiganda hutawala, na chini, kuelekea Kinawataka, mna mchanganyiko wa lugha wa mtaa wowote wa watu wa kipato cha chini katika jiji hilo. Lakini Mbuya ndipo yalipo makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, pamoja na kambi na hospitali ya jeshi, na katika jeshi la Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya amri na ya maongezi kwa vizazi. Hata Mganda asiyejua neno la Kiswahili anajua kwamba pale husemwa.

Mtafiti wa muziki anaweza kuuliza kilima cha askari kinahusiana nini na mwimbaji wa mapenzi anayepiga gitaa la akustika. Uhusiano upo, na ni wa zamani kuliko mwimbaji mwenyewe. Jeshi la kikoloni lilileta Uganda mambo mawili kwa pamoja: Kiswahili na bendi. Askari wa King's African Rifles walipewa amri kwa Kiswahili na waliandamana nyuma ya tarumbeta. Ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, ilitoka pwani ikaenea bara kwa kufuata njia za askari na wapagazi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kikosi cha burudani cha jeshi hilo kilipelekwa Asia kuwatumbuiza askari Waafrika waliokuwa India na Burma, na wanamuziki wake, Waganda na Wakenya, ndio waliokuja kujulikana kama Rhino Band. Baada ya vita walikaa kwanza Kampala, kisha wakahamia Mombasa, na kundi lilivunjika mwaka 1948 na watu wake wakasambaa katika bendi nyingine. Fundi Konde, mwimbaji wa Kiswahili aliyetoka pwani ya Kenya, alipitia katika muziki huo wa jeshi.

Kwa hiyo kiongozi wa bendi Afrika Mashariki, kabla hajawa msanii, alikuwa aina fulani ya sajini. Alihesabu watu, alisimamia mazoezi, alijua nani amechelewa. Tabia hiyo ilibaki katika bendi hata baada ya sare kuvuliwa.

Kiswahili hakikubahatika hivyo. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi nchini Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikitangaza akiwa na sare. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalipoingia, wakazi wa Kampala walijifunza neno jingine la Kiswahili, saba saba, ambalo kwao lilikuwa jina la mizinga na mlio wake. Lugha inayofika kwa njia hiyo haifikiriwi kuwa lugha ya kubembelezea. Hilo ndilo jambo ambalo mpangaji wa sera za lugha nchini Uganda analikuta mezani kila mara, awe analijua au halijui.

Urithi wa Matovu

R&B yenyewe ni jina la dukani. Mwaka 1949 jarida la Billboard la Marekani liliacha kuziita orodha za muziki wa Wamarekani Weusi kwa jina la rangi yao, likachukua jina lililopendekezwa na mwandishi wake Jerry Wexler. Muziki uliokusudiwa ulikuwepo zamani; kilichobadilika ni kibandiko. Santuri na redio ziliufikisha Kampala pamoja na muziki wa soul katika miaka ya 1960, na vijana wa bendi za mjini waliujifunza kwa masikio sambamba na rumba ya Kongo. Mmoja wao alikuwa Moses Matovu, mwimbaji na mpiga saksofoni wa Cranes Band, ambaye mwaka 1975, baada ya bendi hiyo kugawanyika, alishirikiana na wenzake kuanzisha Afrigo Band.

Afrigo haikuwa bendi ya R&B, na hakuna sababu ya kuiita hivyo. Inatajwa hapa kwa sababu ndiyo kipimo cha uongozi wa bendi nchini Uganda. Ilianzishwa katika mwaka mgumu wa utawala wa Amin, ikapita katika vita vya 1979, katika machafuko ya miaka ya 1980, katika kuingia kwa kaseti, kisha CD, kisha simu, na imeendelea kupiga. Siri yake haiko katika sauti ya mtu mmoja. Waimbaji waliingia na kutoka. Wimbo wa Obangaina uliimbwa na Rachel Magoola, ambaye baadaye alikwenda njia yake hadi kuchaguliwa mbunge mwaka 2021, lakini wasikilizaji bado wanauhesabu kuwa wimbo wa Afrigo. Matovu alijenga nyumba yenye vyumba ambamo mpangaji akihama, paa linabaki.

Tanzania ilifikia matokeo yanayofanana kwa njia tofauti kabisa. NUTA Jazz ya mwaka 1964, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ya mwaka 1978 ilipata kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa na vyombo vilikuwa vya shirika. Uganda haikuwa na mfumo wa namna hiyo nje ya majeshi, polisi na magereza. Bendi ya kiraia ilibidi ijitegemee, na Afrigo ilijitegemea kwa kuwa jina lake halikuwa la mtu.

Jina lenye herufi ya ziada

Maurice Kirya anatoka katika kizazi kingine na katika nyumba yenye sikio la maneno. Kaka yake ni Saba Saba wa Bataka Squad, kundi lililokuwa miongoni mwa waanzilishi wa mtindo wa kufoka kwa Kiganda uitwao lugaflow. Inastahili kuangaliwa kwamba kaka mmoja alichukua jina la kisanii la Kiswahili ili afoke kwa Kiganda, na mwingine alichukua neno la Kiganda ili aupe jina muziki wa Kimarekani.

Neno hilo ni mwooyo. Kirya analitumia kuuita mchanganyiko wake wa soul, R&B na miondoko ya Kiafrika. Kwa msikilizaji wa haraka ni tafsiri tu ya neno la Kiingereza, na angeweza kuliacha hapo. Kwa mwanaisimu wa Kibantu lina mambo zaidi. Kiganda kina omwoyo na omutima. Kiswahili kina moyo na mtima. Maneno ni yaleyale, ila yamegawana kazi kwa namna tofauti. Katika Kiganda, omutima ni kiungo kinachodunda kifuani, na omwoyo ni roho, hamu, msukumo wa ndani. Mwoyo gwa ggwanga ni uzalendo. Katika Kiswahili, moyo umechukua kiungo na hisia kwa pamoja, mtima umebaki katika kinywa cha washairi, na kazi ya kiroho imepewa neno la Kiarabu, roho. Mswahili akisikia mwooyo anasikia moyo na anafikiria kifua. Mganda anasikia pumzi. Wote wawili wanalielewa neno, na kila mmoja analielewa kwa upande wake. Ni mara chache jina la muziki likavuka mpaka wa lugha likiwa na mizigo miwili namna hiyo.

Tahajia nayo inasema jambo. Kiganda sanifu huandika omwoyo kwa o moja baada ya mw, kwa sababu irabu inayofuata mfuatano wa konsonanti na w hurefuka yenyewe na haihitaji kuandikwa mara mbili. Herufi ya pili katika mwooyo ni ya ziada kwa kanuni za uandishi. Lakini si kosa la kupuuzwa, kwa maana inaandika uimbaji, ule mvuto wa irabu ambao ndio alama ya R&B popote inapoimbwa. Vilevile irabu ya mwanzo, o-, imeangushwa, kama ilivyoangushwa katika Misubbaawa, yaani mishumaa. Neno limetolewa katika sentensi likasimamishwa peke yake, kama mtu anayeitwa jina mlangoni.

Hapa ndipo ugumu wa kazi aliyojipa Kirya unapoonekana, na wahakiki wa Kampala hawajaujadili vya kutosha. R&B huishi kwa kuvuta irabu na kuipandisha na kuishusha juu ya noti nyingi. Kiganda hakimruhusu mwimbaji kufanya hivyo apendavyo. Urefu wa irabu hubadili maana: okusiba ni kufunga kwa kamba, okusiiba ni kufunga kwa ibada au kushinda mahali mchana kutwa, okusiga ni kupanda mbegu, okusiiga ni kupaka. Toni nayo hubeba maana. Mwimbaji anayeiga wazi mtindo wa Marekani huishia kupaka pale alipotaka kupanda. Kiswahili, kisicho na toni ya kubeba maana na ambacho mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kingempa nafasi kubwa zaidi ya kuchezea irabu, ingawa mkazo huohuo humvuta mwimbaji mahali pamoja kila mwisho wa neno na huweza kuchosha.

Kirya, katika nyimbo zake bora za Kiganda, anautatua ugumu huu kwa kujizuia. Sauti yake ni nyepesi, ya juu, na hukaa karibu na usemi. Madoido huyaweka pale ambapo neno limekwisha kueleweka, au kwenye miguno isiyo maneno. Wapo waliomsifu kwa upole wa sauti kana kwamba ni tabia yake tu. Upole huo ni uamuzi wa kilugha. Ushahidi wake ni kwamba anapohamia Kiingereza, kama katika sehemu kubwa ya kazi zilizofuata, kizuizi kinaondoka na nyimbo zinalegea. The Book of Kirya ya mwaka 2012 imerekodiwa kwa usafi zaidi kuliko Misubbaawa, na ala zimepangwa kwa ustadi zaidi. Hata hivyo ni kazi isiyo na hatari. Ukiacha lafudhi, nyimbo zake kadhaa zingeweza kuimbwa na mtu wa mji wowote mkubwa.

Bendi ya kila mwezi

Misubbaawa ilitoka wakati ambapo muziki wa Kampala ulikuwa umezoea kuimbwa juu ya kanda. Msanii alifika ukumbini na CD, akampa mwendesha mitambo, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe au akafungua kinywa tu. Sababu zilikuwa za kiuchumi. Mtu mmoja na CD wanaweza kutumbuiza kumbi tatu usiku mmoja. Watu sita na vyombo hawawezi. Waimbaji wa R&B waliotangulia, kama Juliana Kanyomozi, Michael Ross na Iryn Namubiru, walifanya kazi ndani ya soko hilohilo, na baadhi yao walikuwa na sauti kubwa kuliko ya Kirya.

Alichokifanya yeye ni kukataa mpango huo. Alianzisha onesho la kila mwezi, The Maurice Kirya Experience, katika ukumbi wa Rouge mjini Kampala, akiimba na bendi kamili mbele ya watu waliolipa kusikiliza. Onesho la kila mwezi lina faida ambayo tamasha kubwa la mara moja kwa mwaka halina. Linalazimisha mazoezi. Wimbo ulioshindwa mwezi huu hurekebishwa mwezi ujao. Mpiga besi anajifunza pumzi za mwimbaji. Msikilizaji naye anajifunza kunyamaza, jambo lililokuwa geni katika kumbi ambamo muziki ulikuwa wa kuzungumzia juu yake. Kwa maana hiyo Kirya alirudisha katika R&B ya Kampala nidhamu ya bendi, ile ya sajini, lakini akaitumia kwa muziki wa sauti ya chini. Huenda ndiyo mara ya kwanza nidhamu hiyo kutumika Kampala kwa ajili ya ukimya.

Lakini jina la onesho linapaswa kusomwa tena. Ni onesho la Kirya. Albamu ya 2012 ni kitabu cha Kirya. Wapigaji waliomzunguka, baadhi yao wenye uwezo wa kuongoza bendi zao, walibaki kuwa watu wa nyuma. Muziki wa R&B umejaa viongozi wa aina hii, na James Brown, aliyetumbuiza Kinshasa mwaka 1974 akiwa na bendi iliyojua kila kidole chake, ndiye mfano wa wazi zaidi. Tofauti ni kwamba wapigaji wa Brown waliondoka wakiwa na mtindo mkononi, wakaupeleka kwingine, na funk ikawa mali ya watu. Mwooyo haukuondoka na mtu. Haukuwa na kanuni za mdundo au za upangaji wa gitaa ambazo kijana wa Nakawa angeweza kuzichukua na kusema: nami napiga mwooyo. Ulikuwa sauti moja na majira yake.

Ukilinganishwa na kadongo kamu, jambo linaeleweka zaidi. Jina hilo, lenye maana ya ala moja ndogo, lilienea kwa kuwa linaeleza kitu ambacho yeyote mwenye gitaa anaweza kukifanya. Halina mwenyewe. Mwooyo unaeleza kitu kilicho ndani ya mtu, na mtu huyo alikuwa mmoja. Kirya alikuwa na neno lililo bora kuliko majina mengi ya muziki wa Afrika Mashariki, akalifunga shingoni mwake kama hirizi.

Machi 2020 Uganda ilifunga kumbi kwa sababu ya UVIKO-19, na maonesho hayakuruhusiwa tena hadi tarehe 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili bila jukwaa iliumiza bendi kuliko wasanii wa CD, kwa sababu bendi ni mishahara. Kirya alikuwa ameingia pia katika uigizaji. Alicheza katika The Girl in the Yellow Jumper ya Loukman Ali, filamu ya Uganda iliyoingia Netflix mwishoni mwa 2021. Mtu mwenye jina anaweza kuhamia filamu. Mpiga ngoma wake hana pa kuhamia.

Tuzo ya 2010

Mwaka 2010 Kirya alishinda tuzo ya Prix Découvertes ya Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, RFI, tuzo ambayo Rokia Traoré wa Mali aliipata mwaka 1997. Iliambatana na ziara katika nchi mbalimbali za Afrika. Kwa mwimbaji wa Kiganda kutoka nchi isiyosema Kifaransa lilikuwa jambo kubwa, na magazeti ya Kampala yalilipa haki yake.

Kuna sadfa moja ambayo haijatajwa inavyostahili. Katika mwaka huohuo wa 2010, RFI ilianzisha idhaa yake ya Kiswahili, ambayo wakati huo ilikuwa na makao Dar es Salaam. Chombo kimoja, mwaka mmoja, kilimvika taji mwimbaji wa Uganda na kikafungua mlango wa Kiswahili Afrika Mashariki. Mambo hayo mawili hayakukutana. Tuzo ilimpeleka Kirya katika kumbi za vituo vya utamaduni vya Ufaransa barani, mbele ya wasikilizaji waliopenda muziki wake bila kuelewa maneno yake. Ilimwondoa katika uwezekano wa wasikilizaji mamilioni wa Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo ambao wangeelewa nusu ya jina la muziki wake kabla hajafungua kinywa. Lawama haimwangukii yeye. Katika eneo hili hakuna tuzo ya Kiswahili yenye uzito wa kumzungusha mwanamuziki nchi kumi, na hilo ni jambo la mifuko ya jumuiya na wizara, si la sauti.

Mbuya inasikiliza nini

Makao ya wizara yakiwa Mbuya, na watoto wa askari wakikua na Kiswahili cha nyumbani na cha uwanjani, mtu angetarajia kilima hicho kiwe na masikio ya Kiswahili cha mapenzi. Kinayo, ila sauti hutoka Dar es Salaam. Bongo Fleva, ambayo kwa sehemu kubwa ni R&B iliyovikwa Kiswahili, iliingia Kampala bila msaada wa baraza lolote. Wasanii wa Uganda waliona nafasi hiyo mapema. Jose Chameleone aliimba kwa Kiswahili katika nyimbo kama Jamila, na Juliana Kanyomozi alirekodi Usiende Mbali akiwa na Bushoke wa Tanzania. Lakini wao walikitumia Kiswahili kama daraja la soko, wakalivuka na kurudi. Hakuna aliyekipa Kiswahili kazi ambayo Kirya alikipa Kiganda, ya kuuliza muziki wa nafsi uitweje na uimbweje kwa sauti ya nchi hii.

Swali hilo si la wanamuziki peke yao. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa baraza la taifa la Kiswahili, na Julai 2022 likaridhia kutekelezwa kwa agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na kufundishwa kwa Kiswahili kama somo la lazima. Mazungumzo yaliyofuata yamehusu walimu, vitabu na mitihani. Hayo ni ya lazima. Yote hata hivyo yanakitoa Kiswahili katika kambi na kukiingiza darasani, yaani kutoka kwenye amri moja kwenda kwenye nyingine. Mtoto wa Kinawataka aliyesikia lugha hii kwa sajini atasikia sasa kwa mwalimu mwenye kalamu nyekundu.

Mshauri wa sera anayetaka njia ya tatu anaweza kuanza na jambo dogo na la gharama inayojulikana: onesho la bendi la kila mwezi. Mfano wa Rouge unaonesha kwamba miezi kadhaa ya mazoezi mfululizo inatosha kujenga mtindo na wasikilizaji wake. Mfano wa Afrigo unaonesha kwamba kinachodumu ni bendi yenye jina lake, si la mwimbaji. Mfuko wa utamaduni unaolipa ukumbi na mishahara ya wapigaji sita kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba sehemu ya nyimbo iwe mpya na ya Kiswahili, ungegharimu sehemu ndogo sana ya bajeti ya kuchapa vitabu vya kiada. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inawatambua wapigaji kuwa na haki katika maonesho yao. Mkataba wa mfuko kama huo ungekuwa mahali pa kuitekeleza kwa vitendo, jina la kila mpigaji likiandikwa.

Kuhusu istilahi, mabaraza ya Kiswahili hayajapata neno linalokaa vizuri kwa soul, na waandishi wa magazeti hutumia la Kiingereza kama lilivyo. Muziki wa roho ungepelekwa kanisani, na muziki wa moyo ungesikika kama kibandiko cha kila wimbo wa mapenzi. Mwoyo, kwa o moja na bila hirizi ya mtu, limekwisha kuimbwa, linajulikana Kampala, linafuata ngeli ya M-/MI- bila shida, na kwa sikio la pwani lina harufu ya ukale inayofanana na ile ya mtima. Udhaifu wake ni kwamba bado ni la Kirya. Halitaweza kuingizwa katika kamusi kabla mwimbaji mwingine, mwenye bendi nyingine, hajalitumia kwa muziki wake bila kuomba ruhusa.